Nyuzi 100 Si za Milimani: Ushauri juu ya Kuchemsha na Kugandisha Maji katika Nyanda za Mweso

Kila mwanafunzi aliyepita darasa la sayansi amekariri kwamba maji safi huganda kwa nyuzi 0 na huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kwa kawaida namba hizo mbili hufundishwa kana kwamba zina nguvu sawa mahali popote. Ukweli ni kwamba namba ya kwanza hubaki karibu vilevile popote wanapoishi watu, ilhali ya pili ni ya usawa wa bahari, na kwa hiyo ni ya Mombasa, Dar es Salaam au Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini, wala si ya Mweso, Kitchanga au Masisi, kwenye milima ya Kivu. Tofauti yenyewe ni ya nyuzi chache tu, lakini inagusa maji ya kunywa ya familia, maharagwe yanayokataa kuiva, makaa yanayonunuliwa kwa shida, vyombo vya zahanati na chanjo za watoto. Mtu anayejua kiwango kipi kinahama na kipi kimetulia atajua pia lini aamini kipimajoto, lini aamini macho yake, na lini aongeze muda badala ya kuongeza moto.

Kwa nini mchemko hushuka kadiri mtu anavyopanda

Maji huchemka pale msukumo wa mvuke unaozaliwa ndani yake unapolingana na shinikizo la hewa, yaani uzito wa hewa yote iliyo juu ya mahali hapo unavyoukandamiza uso wa maji. Kabla ya hapo maji hutoa mvuke kutoka juu tu, lakini shinikizo hilo likishafikiwa, mapovu ya mvuke huweza kuumbwa hata kwenye kitako cha sufuria na kupanda juu bila kukandamizwa yakafa njiani. Kando ya bahari shinikizo hilo ni kama kilopaskali 101, na maji hulifikia yakiwa na nyuzi 100. Mlimani hewa iliyobaki juu ni kidogo, mzigo juu ya maji ni mwepesi zaidi, na mapovu huweza kutokea maji yakiwa hayajafika joto hilo.

Kanuni ya kukadiria ni rahisi na inafaa kuwekwa kichwani: kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kiwango cha mchemko hupungua kwa nyuzi 1 hivi. Kwa hesabu hiyo, Goma, ulio kando ya Ziwa Kivu ambalo uso wake uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, huchemsha maji kwa nyuzi 95. Mweso na vijiji vinavyouzunguka huangukia kati ya nyuzi 94 na 96 kutegemea bonde au kilima ilipojengwa nyumba, na malisho ya Masisi yanayopita mita 2,000 huona maji yakichemka kwa nyuzi 93 hivi. Anayeteremka magharibi hadi kwenye misitu ya Walikale, ambako ardhi ni ya chini zaidi, hukuta kiwango hicho kimerudi hadi nyuzi 97 au 98. Juu kabisa ya Ruwenzori, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, maji yangechemka kwa nyuzi 83 tu, huku theluji ya hapohapo ikiyeyuka kwa nyuzi 0 kama barafu ya Mombasa.

Uthabiti huo wa barafu una sababu yake. Maji yanapogeuka mvuke hutanuka mara zaidi ya elfu moja, na ndiyo maana hewa inayoyakandamiza ina neno kubwa katika jambo hilo, lakini barafu inapoyeyuka ujazo wake hubadilika kidogo tu, na shinikizo la hewa halipati pa kushikia. Kutoka pwani hadi Masisi kiwango cha kuyeyuka hubadilika kwa kiasi cha sehemu moja tu ya elfu ya nyuzi, tofauti ambayo kipimajoto cha kawaida hakiwezi kuionyesha.

Maji ya kunywa: mapovu ndiyo kipimo

Swali linaloulizwa mara nyingi na watu wanaosikia habari hii kwa mara ya kwanza ni kama maji yaliyochemka kwa nyuzi 94 yanafaa kunywewa. Yanafaa. Bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na wa kuhara damu, pamoja na virusi na vimelea vingine vinavyosambazwa kwa maji, huanza kufa kwa haraka joto linapopita nyuzi 60, na juu ya nyuzi 70 wengi wao hawadumu hata dakika. Maji yaliyofika kwenye mchemko kamili mahali popote katika Masisi yameshapita mpaka huo kwa zaidi ya nyuzi 20, tena yamekaa juu yake kwa dakika kadhaa yakiwa njiani kuelekea kuchemka.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri maji yafikishwe kwenye mchemko kamili, yaani mapovu makubwa yapande mfululizo kutoka chini na kuuvuruga uso wote, kisha yaachwe yapoe yenyewe. Mamlaka za afya za Marekani huongeza tahadhari ya muda, nazo hutaka dakika 1 ya mchemko kwenye maeneo ya chini na dakika 3 kwenye miinuko inayopita mita 2,000. Kaya za Mweso zitakuwa salama zikifuata dakika 1, na zile za vilima virefu zikifuata dakika 3. Jambo la kuangalia ni aina ya mapovu, kwa kuwa vipovu vidogo vinavyoganda kwenye kuta za sufuria mapema ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji ikitoka, na mvuke unaofuka juu ya maji ya nyuzi 60 si dalili ya mchemko.

Kuzidisha muda zaidi ya hapo hakuongezi usalama, bali huteketeza makaa, ambayo Kivu yote huyaita makala. Maji yakishaanza kuchemka, moto mkali hauyapandishi hata nyuzi moja, kwani nishati yote ya ziada huenda kwenye kuyageuza mvuke, nayo huitwa joto fiche kwa sababu kipimajoto hakiioni. Lita 1 ya maji yenye nyuzi 20 huhitaji kama kilojuli 315 kufika nyuzi 95, lakini kuikausha lita hiyohiyo yote iwe mvuke huhitaji zaidi ya kilojuli 2,250, yaani mara saba. Maana yake kwa mpishi ni kwamba sufuria iliyoachwa ichemke mpaka nusu lita ikapotea hewani imekula nishati ambayo ingechemsha lita tatu na nusu za maji mapya. Pale ambapo gunia la makala hununuliwa kwa fedha ya chakula, na ambapo sehemu ya miti hiyo hukatwa katika Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, hasara hiyo si ndogo. Kifuniko kikae juu ya sufuria tangu mwanzo, mbabula, yaani jiko la makala, ikingwe upepo, na moto upunguzwe mara mapovu makubwa yanapoonekana.

Maji ya mto au ya bwawa yenye tope yaachwe yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa kabla ya kuchemshwa. Hata hivyo kuchemsha kuna mpaka wake, kwa kuwa joto huua viumbe hai lakini haliondoi madini wala kemikali, na kila tone linalopotea kama mvuke huyaacha yaliyobaki yakiwa mazito zaidi. Floridi, ambayo hupatikana kwa wingi katika baadhi ya maji ya eneo la volkeno za Virunga na ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa, haipungui kwa kuchemshwa. Vivyo hivyo maji yaliyopita katika machimbo hayasafishwi na moto, na familia inayoweza kuchagua itapendelea chemchemi iliyojengewa au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri.

Kazi iliyofanywa na moto huweza kuharibiwa na kikombe kimoja. Kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi Goma mwezi Julai 1994, tatizo lilikuwa uhaba wa maji salama pamoja na msongamano na uchafuzi wa yale machache yaliyopatikana, na hali kama hiyo hujitokeza tena kila mara vita vinapowasukuma watu kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Maji yaliyochemshwa yapoe ndani ya sufuria ileile yakiwa yamefunikwa, kisha yamiminwe katika bidoni lililooshwa, lenye mdomo mwembamba na kifuniko, na yatolewe kwa kumimina, si kwa kuchota. Hayana dawa inayoyalinda, tofauti na maji yaliyotiwa klorini, hivyo ni bora yatumike ndani ya siku moja au mbili. Kwa mgonjwa wa kuhara, dawa ya chumvichumvi na sukari ichanganywe na maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa, pakiti moja kwa lita 1, na mchanganyiko huo usichemshwe tena wala usitumike baada ya saa 24.

Jikoni: joto likipungua, muda uongezwe

Kuua vijidudu na kuivisha chakula ni mambo mawili tofauti. Bakteria hufa mapema, lakini ganda la haragwe hulainika kwa mabadiliko ya polepole ambayo kasi yake hutegemea joto, na upungufu wa nyuzi 5 hurefusha kazi hiyo kwa kiasi ambacho kila mpishi aliyehama kutoka Walikale kwenda vilima vya Masisi atakiona. Moto mkali hauwezi kufidia upungufu huo, kwa kuwa maji ndani ya sufuria iliyo wazi hayapiti kiwango chake cha mchemko. Chumvi nayo si suluhisho: ili kupandisha mchemko wa lita 1 kwa nyuzi 1 zinahitajika gramu 58 za chumvi, kiasi ambacho kingekifanya chakula kisilike.

Njia ya kweli ni kuloweka. Maharagwe yakilala ndani ya maji kwa saa 8 hadi 12, maji huingia hadi katikati ya punje kabla moto haujawashwa, na muda wa kupika hupungua sana. Maji ya kuloweka yamwagwe na kupika kuanze kwa maji mapya. Mwenye sufuria ya shinikizo, ile yenye kifuniko kinachofungwa na kuzuia mvuke usitoke, ana faida kubwa zaidi milimani kuliko pwani, kwani mvuke uliofungiwa huongeza shinikizo na kupandisha mchemko hadi kupita nyuzi 110, ingawa hata hapo muda ulioandikwa na kiwanda kwa ajili ya nchi za chini huhitaji kuongezwa kidogo.

Wako wanaookoa makala kwa kuondoa chungu motoni na kukifunika ndani ya kikapu kilichojazwa nguo au majani makavu ili kiendelee kuiva kwa joto lake. Njia hiyo ni nzuri, ila kwa maharagwe mekundu ina sharti. Punje hizo zikiwa mbichi huwa na sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo husababisha matapishi na maumivu makali ya tumbo, nayo huharibiwa na mchemko kamili lakini huweza kubaki ikiwa chakula kimepikwa kwa joto la nyuzi 80 tu. Kwa hiyo maharagwe yachemke kwa nguvu kwa dakika 30 kwanza, ndipo yaingizwe kikapuni.

Maziwa, ambayo ni mali kubwa ya wafugaji wa Masisi na ndiyo chanzo cha jibini inayouzwa hadi Goma na Kinshasa, hufuata hesabu ile ya vijidudu na si ile ya maharagwe. Kuyapasha kwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kunatosha kuua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe na wa bruselosi, ugonjwa wa homa za kurudiarudia unaotoka kwa mifugo. Nyumbani, ambako kipimajoto ni nadra, maziwa yachemshwe mara moja mpaka yapande sufuriani huku yakikorogwa, na yaliyopanda yamefika joto linalopita lile linalohitajika.

Zahanati: mahali ambapo nyuzi 5 zina gharama

Yaliyosemwa kuhusu maji ya kunywa hayafai kuhamishiwa kwenye vyombo vya upasuaji. Baadhi ya bakteria, kama wale wa pepopunda, hujifunga ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na spora hustahimili maji yanayochemka hata pwani, sembuse yale ya nyuzi 94. Kuchemsha hupunguza vijidudu kwenye chombo lakini hakukitakasi kabisa, na chombo kitakachoingia mwilini hutakaswa kwa otoklevu, yaani mtungi unaofungia mvuke chini ya shinikizo mpaka ufike nyuzi 121.

Hapo ndipo mwinuko hudanganya wahudumu. Kipimashinikizo cha kawaida cha otoklevu husoma tofauti kati ya shinikizo la ndani na lile la hewa ya nje, na si shinikizo lote. Pwani, mvuke wa nyuzi 121 hukifanya kisome kama kilopaskali 104 juu ya hewa ya nje. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, ambako hewa ya nje ina kilopaskali 85 tu, usomaji uleule wa 104 huwa na maana kwamba ndani kuna jumla ndogo zaidi na joto halijafika 121. Ili kulifikia, sindano inapaswa kusoma karibu 120. Mhudumu asiachie valvu ya usalama ichezewe, bali aongozwe na kipimajoto cha otoklevu, atumie vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi kwa joto na muda sahihi, na afuate jedwali la mwinuko lililoko katika kitabu cha mtengenezaji.

Ukaguzi wa vipimajoto una mtego wa aina hiyohiyo. Anayekitia kipimajoto katika maji yanayochemka Mweso na kukiona kinasoma 95 anaweza kukitupa akidhani kimeharibika, kumbe kinasema kweli. Kiwango cha kuyeyuka ndicho kinachoaminika: barafu iliyopondwa ijazwe kwenye kikombe, maji kidogo yaongezwe mpaka kuziba nafasi, mchanganyiko ukorogwe kwa dakika chache, na kipimajoto kizima kinachoweza kupima baridi hiyo kitasoma 0, iwe ni Masisi au Zanzibar.

Barafu na chanjo

Uthabiti wa nyuzi 0 una kazi nyingine nyeti zaidi katika eneo la afya la Mweso, ambako chanjo husafirishwa kwa pikipiki au kwa miguu kutoka kituo kimoja hadi kingine. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na watu wengi huogopa joto tu, ilhali kadhaa kati yake, zikiwemo za pepopunda, homa ya ini aina ya B na ile yenye kinga tano, huharibiwa zikiganda. Pakiti ya barafu inayotoka moja kwa moja katika friza inaweza kuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, na chupa ya chanjo inayogusana nayo huganda hata siku ya jua kali.

Dawa yake haihitaji kifaa chochote. Pakiti huwekwa mezani mpaka ianze kutoa jasho, kisha hutikiswa karibu na sikio: ikisikika barafu ikicheza ndani ya maji, pakiti iko tayari. Sauti hiyo ni ushahidi wa kisayansi, kwa kuwa barafu na maji vikikaa pamoja haviwezi kuwa chini ya nyuzi 0, na mchanganyiko huo hubaki hapo mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke. Kilo 1 ya barafu hunyonya kilojuli 334 katika kuyeyuka tu, bila joto lake kupanda hata nyuzi moja, na ndiyo maana hulinda sanduku kwa muda mrefu kuliko maji ya baridi yenye uzito uleule.

Kuhusu kuandaa pakiti hizo, si busara kuingiza maji ya moto katika friza yenye kazi kwa tumaini kwamba yataganda upesi. Ni kweli kwamba mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Tanganyika, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa, na kwamba mwaka 1969 yeye na Denis Osborne walichapisha makala ya kisayansi iliyolipatia jambo hilo jina lake, lakini wataalamu bado wanabishana kuhusu masharti yanayolileta, na maji ya moto huwapasha majirani zake kwa hakika kabisa.

Barafu ya kunywa nayo isipewe sifa isiyo yake. Kuganda hakuui bakteria wa kipindupindu kwa namna ya kutegemewa, bali huwasimamisha tu, nao huamka kinywaji kinapoyeyuka. Barafu iwe ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, la sivyo kinywaji baridi sokoni kina hatari ileile ya maji ya mtoni.

Kwa walimu, wauguzi na wakuu wa vituo, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: kipimajoto kimoja kinachofika nyuzi 110, kikishakaguliwa kwa njia ya barafu kama kinapima hadi 0, kitumbukizwe katika maji safi yanayochemka bila kugusa kitako cha sufuria, na namba itakayosomwa iandikwe ukutani pamoja na jina la mahali. Mwanafunzi atakayeulizwa katika mtihani ajibu nyuzi 100 na kuongeza maneno "kwenye usawa wa bahari", na mhudumu atakayekagua kipimajoto kwa maji yanayochemka akilinganishe na namba ya ukutani, kwa sababu hiyo ndiyo namba ya maji anayoyatumia.